Saa Aliyotumiwa Baba

Muyinga, 3 Februari 2025

Shikamoo Baba,
Mguu unaendeleaje tangu uanguke? Sisi ni wazima. Kwenye simu hunisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Mkwe wako Fredi anakuletea saa ya mkononi. Inapima unavyotembea na moyo unavyopiga, kisha inanipasha habari kwenye simu yangu. Uivae hata shambani. Ikionyesha unadhoofika, nakuja kukuhamishia kwangu, na hapo hatutabishana.
Mwanao, Upendo

Nyarusange, 9 Februari

Marahaba mwanangu,
Mguu unapona. Saa nimeivaa. Kila asubuhi napanda kilima kwa Bonifasi, kama kawaida. Alipoiona alicheka: "Ignasi, binti yako kakufunga kengele kama mbuzi!" Nikamwambia ana wivu, wanawe hawajamletea hata soksi.
Kuhama sitaki. Tangu turudi kutoka ukimbizini Kigoma, ni Bonifasi tu ninayekaa naye bila kueleza nilikulia wapi.
Baba yako

Muyinga, 4 Machi

Shikamoo Baba,
Unaumwa? Wiki nzima hutembei. Usinifiche. Jumamosi Fredi anakuja kukuchukua.
Upendo

Nyarusange, 6 Machi

Mwanangu,
Siumwi. Bonifasi amefariki. Tuko kwenye kilio, na unajua siku za kilio jirani hagusi jembe. Nakaa tu uani kwake na wanaume wengine. Usimtume Fredi. Nikiondoka kabla kilio hakijaisha, watanionaje?
Baba yako

Muyinga, 21 Machi

Shikamoo Baba,
Pole sana kwa Mzee Bonifasi. Leo nimeangalia simu: unatembea kuliko hata mwezi wa pili! Na moyo ni mzuri. Nimemshukuru Mungu. Basi Fredi hatakuja tena. Mimi nimebanwa na kazi, hata Pasaka sitaweza, ila naona uko salama.
Mwanao, Upendo

Nyarusange, 30 Machi

Marahaba mwanangu,
Nazunguka nyumba. Natoka mlangoni, napita zizini, narudi mlangoni, kwa sababu najua unaangalia. Kule kilimani mlango una kufuli. Tangu kilio kiishe sijazungumza na mtu, ni salamu za njiani tu. Nilikuwa nimekataa kuhama, nikaona haya kukuambia kwamba sasa nataka.
Saa nimeivua, nimempa dereva wa basi akuletee. Haijaharibika.
Njoo wewe mwenyewe unichukue. Ng'ombe nimeshamkabidhi jirani yetu Anatoli.
Baba yako, Ignasi