Serum ya Pua

Likasi, 4 Agosti 1969

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Unaendeleaje na mgongo? Mimi ni mzima, ila pua. Tangu vumbi la kiangazi lianze napiga chafya mpaka machozi. Daktari amekataa kunichoma sindano ya cortisone. Ameniandikia serum na vidonge vya alerji. Vidonge vinanilaza mchana, na kila nikilala nauona mto wetu Lufira ukipita polepole ndani ya nyumba, wewe umeketi juu ya maji, unanisuka nywele. Tangu niolewe na Octave hujaniandikia hata mara moja. Mama, nimekukosa sana.

Mtoto wako, Bibiane

Koni, 9 Agosti 1969

Mwanangu,

Mgongo haujambo, moyo ndio mgonjwa. Usinifiche! Tangu lini pua ikatundikiwa serum? Huku mtu akitundikiwa chupa ya serum, maji yakimwingia mshipani, ndugu wanaitwa. Na unalala mchana, unaota mto umeingia nyumbani! Jirani Colette amepiga kelele, "Mama, wende mbio! Mutoto iko na serum!" Yule mtu wako sitaki kumwona, lakini Jumamosi ijayo nakuja. Kula, hata kidogo.

Mama yako

Likasi, 13 Agosti 1969

Mama yangu,

Umeamkaje? Barua yako imeniliza, na pua imeziba tena. Mama, serum hii haitundikwi. Ni maji ya chumvi tu: nainama juu ya beseni, yanaingia tundu moja la pua, yanatokea la pili. Octave ndiye anayenishikia beseni. Vumbi analipangusa kwa kitambaa chenye maji, lisiruke. Vidonge sasa nameza jioni tu. Amesema, "Usimwambie kwanza, aache akuye," maana anataka uje. Nilitamani kunyamaza, nimeshindwa. Sina ugonjwa wa kukuitia.

Mtoto wako

Koni, 15 Agosti 1969

Mwanangu,

Dereva wa taxi-bus ameniletea barua yako sasa hivi, na hii anarudi nayo. Pole na pua, na Mungu ashukuriwe. Colette amecheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikabaki nimekumbatia mzigo wangu, nasikia maji ya Lufira, nikawa kama ninaota mimi.

Unga umeshasagwa, samaki wamekauka. Mzigo siufungui. Mwambie Octave anipokee kesho kwenye taxi-bus. Asinipe mkono, wala asinitazame usoni, kama heshima yetu inavyotaka. Mimi ni mama mkwe wake.

Mama yako