Bomba la Moshi na Mbegu za Mlalo

Mama Neema,

Leo baridi imekaza tangu alfajiri, ile ya mwezi wa saba unayoijua, na sasa ni saa nne lakini ukungu bado umekaa juu ya migomba. Nimekaa jikoni kwako na kalamu. Ndiyo, jikoni, mimi. Cheka tu. Maharage yako motoni, nimeyafunika na kile kifuniko ulichokifunga kipande cha mti kwa waya kiwe mkono, na nimechochea kuni moja tu, si tatu, maana kila nikinyoosha mkono kwenye rundo nakusikia: "Moto haulishwi kama ng'ombe, Baba Neema."

Mwaka umetimia tangu tukulaze pale juu ya shamba, na sijakuandikia hata mara moja. Niliona haya. Kuna jambo nililifanya, na sikutaka kukuambia mpaka nijue limeishia wapi.

Kwanza habari za nyumba. Shuka la bluu lilichakaa katikati mpaka ukililalia unaliona godoro. Zamani ningesema tununue jingine. Safari hii nilifanya ulivyokuwa unafanya: nikalipasua katikati, nikaleta zile pande za pembeni zikakutana, nikashona kwa cherehani yako. Mshono umepinda kama barabara ya kutoka Mombo na unanikuna mgongo, lakini nalala. Vipande vya sabuni navikusanya kwenye soksi. Jamu ya mapeasi nimeipika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mchuzi, ya pili niliikata kwa kisu. Ile kanga ya kijani uliyoivaa kanisani, ikawa ya shambani, ikawa foronya, sasa ndiyo ninayoshikia sufuria. "Kanga haifi, inabadilisha kazi," ulisema, na mimi nilidhani ni ubahili. Nisamehe. Nimeishi na mtu mwenye akili miaka arobaini na nne nikadhani ni bahili.

Sasa jambo lenyewe.

Unaijua kazi niliyoifanya. Miaka thelathini na mmoja Bwana Afya, nimepanda na kushuka milima hii kwa pikipiki ya serikali nikiwaambia watu wachimbe vyoo, wachemshe maji, wajenge jiko lenye bomba ili moshi utoke nje na akina mama wapone macho. Nilikuwa na bango la kufundishia, mwanamke anakohoa upande huu, anatabasamu upande ule. Na nyumbani kwangu mke wangu anapikia mafiga matatu, jiko lina dirisha la kupitisha paka. Mganga hajigangi. Siku ile ulisema mbele ya wageni wa usharika, "Hotuba ya Bwana Afya imefika mpaka Vuga, jikoni kwake bado iko njiani." Watu walicheka, na mimi nikacheka, nikasema nitajenga masika yakiisha. Sikusema masika ya mwaka gani.

Ulipoondoka nilimuuliza daktari mara mbili kama ni kifua. Akasema, "Hapana, mzee, ni moyo." Nikashukuru. Halafu nikaona haya kwamba nimeshukuru.

Basi baada ya arobaini, watu wametawanyika na Neema amerudi Tanga kwa mumewe, nikavua koti nikaanza kujenga. Miaka sabini na mmoja, na sijawahi kushika mwiko wa fundi ila kumwonyesha mtu namna ya kuushika. Matofali niliyatoa kwenye lile banda la kuku lililoanguka. Udongo ni wa kichuguu, nikaukanyaga kwa miguu pamoja na majivu na samadi kutoka zizini kwa jirani yetu Mama Hoza. Bomba nililikunja kutoka kwenye bati la pipa lililokuwa linashika kutu nyuma ya choo. Neema akapiga simu. "Baba, shikamoo. Mama Hoza anasema unabeba matofali. Acha, nitakuletea jiko la gesi." Nikamwambia sijengi kwa kukosa jiko, nalipa ahadi. Alielewa.

Siku ya sita lilianguka. Siku ya kumi na moja liliwaka, na moshi ukaingia bombani moja kwa moja kama mtu anayeijua njia. Nikakaa kwenye kigoda chako nikavuta pumzi ndefu. Nikasema kwa sauti, "Mama Neema, hilo hapo." Nilisema kabla sijakumbuka.

Ningeishia hapo ingekuwa heri. Lakini unanijua nikianza. Nikapanda kwenye dari yako ya fito juu ya jiko, nikasugua masizi yote, nikapaka chokaa mpaka pakang'aa kama zahanati. Kapu lako la mbegu nililishusha, nikalipangusa vizuri, nikalirudisha palepale juu.

Zile mbegu. Yale maharage madogo ya rangi ya chai ya maziwa, yenye mstari mweusi kwenye jicho, aliyokupa mama yako kule Mlalo asubuhi unaondoka kwao kuja kuwa mke wangu. Kila msimu uliyapanda, kila msimu ukachagua mazuri, ukayapandisha darini. Siku tatu kabla hujatuacha ulinishika mkono ukasema, "Mbegu zangu zisife. Za Neema hizo, siku akitaka kulima." Nikasema sawa. Nilijiambia hii ni ahadi rahisi kuliko ya bomba, mbegu zimeshahifadhiwa, kazi yangu ni kuziangalia tu.

Mvua za vuli ziliponukia nikalishusha kapu. Nilipotia mkono, nilitoa unga.

Yamebunguliwa, Mama Neema. Nilichota tena chini, nikachota pembeni. Matundu. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu na kapu mapajani. Mama Hoza ndiye aliyenikuta. "Onga makeo, Bwana Afya," akaniamkia kwa Kishambaa kama kawaida yake, halafu akaona mikono yangu, akatazama darini kulivyokuwa kweupe.

"Moshi uko wapi?" akauliza.

"Nimeutoa nje."

"Loo! Umemfukuza mlinzi, sasa unashangaa mwizi kaingia?"

Mimi nimezaliwa kwenye milima hii. Nimekulia kwenye jiko la namna ile ile, na mbegu za mama yangu zilikuwa juu ya moto kama zako. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani ni kukosa stoo. Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya wanawake na bango langu, wakaniitikia, "Ndiyo, Bwana Afya," kisha wakarudi kupikia mafiga, na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba elimu bado inahitajika. Ilihitajika kweli. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Na wewe uliyekuwa unaumia macho kwa moshi ule, ulijua unakuumiza na unakutunzia, vyote viwili.

Nilipanda basi mpaka Mlalo. Shemeji zangu walinipokea vizuri, wakanipa ugali wa bada na mboga, lakini mbegu hawana. Siku hizi wanapanda kabichi, na maharage ni yale ya dukani. Mkubwa wao aliniambia, "Tulijua dada anazo." Niliyapeleka maneno hayo nyumbani kifuani kama jiwe. Mama Hoza naye zile ulizompa alishazila. Kwa hiyo duniani kote, kwa ninavyojua mimi, yalikuwa yamebaki yaliyomo kwenye lile kapu.

Nikatoa ungo barazani, nikavaa miwani, nikaanza kugeuza punje moja moja juani. Lenye tundu, kushoto. Lenye doa, kushoto. Asubuhi ya pili Mama Hoza alikuja na ungo wake bila kuitwa, akakaa. Alinitania mpaka nikacheka, akanihadithia ulivyomfundisha kupima chumvi kwa kifuniko cha soda ili mumewe asimalize pakiti. Asubuhi ya tatu tulimaliza. Kapu zima limetoa kikombe kimoja, tena hakijajaa, kile chako cha bati kilichopauka rangi.

Niliyapanda chini ya dirisha la chumbani, punje moja kila shimo, niyaone nikiamka. Mvua ikasuasua. Nikamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, yale uliyokuwa unaniambia nisimwage nikakuambia ni machafu. Kuku niliwafukuza na bakora yangu ya kutembelea. Mzee mwenzangu mmoja wa kanisa alipita akanikuta nimepiga magoti nayatoa viwavi kwa mkono, akaniuliza kama naomba au nalima. Nilimwambia vyote.

Mwezi wa kwanza nilivuna bakuli mbili. Sikuonja hata punje. Masika nikapanda tena, mpaka pale kwenye kona ulipokuwa unaweka vitunguu. Wiki iliyopita nimepura. Mama Neema, kapu limejaa. Limejaa na nimebaki na debe. Maharage yanayochemka hapa mbele yangu sasa hivi ni yako, ndiyo ya kwanza kuliwa, na harufu yake ndiyo imenishikisha kalamu.

Bomba sikulibomoa. Ungenigombeza kwa hasara ya matofali. Nimekata kipande cha debe, nikalitengenezea kifuniko chenye mnyororo. Siku nyingine zote kiko wazi na jiko ni safi. Jumamosi nakivuta, nawasha kuni mbichi za muwati, na moshi unapanda darini kwenye mbegu kama zamani. Chokaa yangu imeshakuwa rangi ya ugali ulioungua. Mbegu nyingine nimezichanganya na majivu, nikazijaza chupa mbili na kuziziba, ushauri wa Mama Hoza, nami siku hizi nasikiliza.

Ningeweza kutoka nje Jumamosi mpaka moshi uishe. Sitoki. Nakaa kwenye kigoda chako. Mara ya kwanza nilikaa ili nijue tu. Nilikohoa, macho yakawaka, machozi yakatiririka mpaka kidevuni, nikakumbuka kila mara nilipokukuta humu unajifuta kwa upindo wa kanga. "Moshi tu," ulisema. Na mimi, Bwana Afya, nikaamini. Siku Neema alipopanda gari kwenda kuanza maisha yake Tanga, ulikaa humu mchana kutwa unapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Siku barua ya uhamisho wangu wa Handeni ilipokuja, kabla haujafutwa, hivyo hivyo. Moshi tu. Ni mara ngapi haukuwa moshi, mke wangu? Ningeingia nikakaa. Kulikuwa na nafasi, kile kigoda cha pili kilikuwepo miaka yote.

Usidhani nina huzuni nyingi. Asubuhi naamka nina kazi ya kufanya, na hiyo ni zaidi ya walichonacho wastaafu wengi ninaowajua. Mlango wa nyuma unalia, kesho nitautia mafuta ya taa. Naonekana nimenenepa kidogo. Juzi wanawake wawili wa jumuiya walikuja kuona jiko, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kuanza hotuba. Nikaufunga. Nikawauliza, "Nyie mbegu mnaweka wapi?" Walizungumza saa nzima.

Neema alikuja Jumanne. Nilimpandisha kigoda, nikamwambia achungulie darini. Akaliona kapu, akatia mkono, akachota, akayaacha yateremke polepole kati ya vidole kama ulivyokuwa unafanya, na sikumfundisha mimi. Akasema, "Baba, mwezi wa tatu nachukua likizo. Nataka nije tupande wote. Utanionyesha?" Akageuka akaniangalia vizuri.

"Baba, unalia?"

Nikamwambia, "Moshi tu, mwanangu."

Ilikuwa Jumanne, Mama Neema. Bomba lilikuwa wazi, na moto tulikuwa hatujawasha. Mwanao ni wako: alishuka, akavuta kile kigoda cha pili, akakaa na mimi.

Haya, maharage yameiva, na Mama Hoza nimemwalika, nasikia anabisha hodi. Pumzika, mke wangu. Mbegu zako hazijafa, wala hazitakufa nikiwa na macho ya kuzichagua, na mwezi wa tatu nitaziweka mikononi mwa mwenyewe. Na siku nikija huko, tafadhali usinisimulie yote kwa mara moja. Niwekee kigoda tu, nitakaa.

Wako,
Baba Neema