Chuma Kisichochoka

Shikamoo Mama,

Tabora joto na vumbi tu. Juzi nilimpasua mama mmoja mwembamba, mkulima wa Kwihara, kumtoa uvimbe wa kizazi. Tumbo lilishikwa wazi na kile chuma cha kupanulia kidonda, kinachojishikilia chenyewe, nami sikukilegeza hata mara moja. Jana aliposhuka kitandani goti likakunjika, akaanguka. Chuma kilikuwa kimegandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni.

"Daktari, nitalimaje?"

Nikamwambia huenda mguu ukapona. Mumewe kaniletea asali ya shukrani. Bado sijaifungua.

Enzi zako za unesi mlishikilia tumbo wazi kwa mikono, mkichoka mnalegeza kidogo. Nilikuwa nakucheka. Ipumzishe mikono hiyo, Mama. Sitaicheka tena.

Mwanao,
Neema