Simba wa Banda la Mbwa

Kaka, acha kila kitu usome. Leo nimeumbuka!

Si unalijua lile banda la mbwa nililojisifia wiki nzima? Mbao ngumu, bati limeinamishwa nyuma, sakafu imeinuliwa juu ya matofali isinyonye unyevu. Na mlangoni nikaandika kwa rangi nyekundu:
Humu amelala simba, mgeni shika adabu.

Basi nikaingia mwenyewe nione kama linavuja. Dada akamwaga ndoo nzima juu ya bati. Hata tone! Nikashangilia kwa kupiga teke ukuta, mlango ukajifunga, komeo likaanguka kwa nje.

Dada anacheka, hafungui. Mara geti likagongwa. Baba yake mchumba wangu! Kaka, BABA YAKE, amekuja kuniona kabla hajaijibu posa.

Akasimama mbele ya banda, akausoma ule mstari kwa sauti, neno kwa neno.
"Na simba mwenyewe yuko wapi?"
Dada akadakia, "Ndiye huyo humo ndani, mzee. Mkweo mtarajiwa."
Na mbwa yuko nje, anatikisa mkia!

Nikamwamkia kupitia tundu. "Shikamoo, baba." Kupitia TUNDU, kaka!

Mzee akagonga bati. Akalisukuma banda kwa bega. Halikutikisika. Ndipo akanifungulia.
"Marahaba. Binti yangu hatanyeshewa. Ila nyumba yenu, komeo liwe kwa ndani."

Posa imekubaliwa! Na ule mstari siufuti ng'o.