Stima Imelipwa, Wambui Hayupo

Ruring'u, Jumamosi, Julai 1997

Bado nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Sheria tuliitunga wenyewe, sisi wanne tunaotumia kompyuta moja, kama chama chochote: asiyetoa mchango wa chumba na stima haguzi kompyuta. Hata Wambui alipiga makofi siku hiyo.

Leo amekuja mikono mitupu. Kahawa ya babake haijalipwa tangu mwaka jana. Na karibu mchezo wetu wote wa kompyuta ameuandika yeye, ule wa kufukuza ndovu shambani, bure, vile sisi wote tunafanya.

Kamau, mweka hazina wetu, akamwambia, "Pole, lakini ukiguza wewe, kesho kila mtu atataka bure. Keti tu utazame."

Akaketi. Akatazama tukiharibu kazi yake, ndovu wakipita katikati ya ukuta kama hakuna kitu. "Si hivyo," akasema mara moja. Kamau hata hakugeuka. Wambui akachukua sweta yake akaenda.

Ati atarudi akipata pesa. Sidhani.

Stima imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Kompyuta imekaa ikiwaka jioni yote, sisi watatu tukiangaliana, hakuna anayejua pa kuendelea.