Mashine Ilidai Barua Yako

Baba,

Jana jioni nilirudi Kitale kutoka Bungoma na sauti imenikauka kwa kuongea, na bado nina mengi. Ungekuwepo ningekupigia simu kabla jogoo hajawika, nawe ungeniambia, "Nekesa, pumua kwanza." Sitapumua. Sikiliza.

Kwanza ya nyumbani, maana najua utauliza. Mama ni mzima hapo Naitiri. Tangu tukuzike anaifungulia redio sauti yote, ila sasa hakuna wa kubishana na watangazaji juu ya Kiswahili chao. Majuzi mmoja alisema "akili mnemba", mwenzake akasema "akili unde". Mama akazima. "Leo baba yako angekula chakula kikiwa baridi," akaniambia. Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Hiyo akili unde ndiyo habari yangu. Muhula huu mwalimu mkuu alinipa kazi ya kuwafundisha Kidato cha Tatu maadili ya kutumia hizi mashine zinazoandika insha, kuchora picha na kuiga sauti za watu. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimechoka, Baba. Rundo zima la insha, karibu zote zinaanza "Katika ulimwengu wa sasa". Watoto waliokuwa wakiandika "kura" wakimaanisha "kula" ghafla wanaandika kama mabalozi! Nikasimama mbele yao nikasema: kazi ya mashine ukiiita yako, umedanganya. Wakainamisha vichwa, wakaandika. Nikajiona mwalimu.

Kisha ikaja insha ya Chebet. Ni msichana mkimya wa Kapsokwony, anakaa kwa shangazi yake Kiminini ili asome kwetu. Niliwaambia waandike kuhusu asubuhi ya kwao. Yeye akaandika kwamba ukungu hushuka mlimani "kama mzee aliyesahau fimbo yake: anasimama, anakumbuka, anarudi." Nilisoma mara tatu. Badala ya kufurahi, nikashuku. Nikaiingiza kwenye simu, nikaiuliza mashine: ni wewe uliyeandika hii? Ikajibu bila kusita kwamba ndiyo.

Nikaandika chini ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: "Si yako." Na siku hiyo hiyo, Ijumaa, mbele ya wote, nikamwondoa kwenye kundi la wanafunzi watano waliokuwa waende Bungoma kuwafundisha wenzao wa shule nyingine maadili haya. Alisema mara moja tu, "Mwalimu, niliandika mimi," akaketi. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Nikampigia shangazi yake, akaniambia Chebet amerudi kwao mlimani na sare ameiacha kitandani, imekunjwa.

Jumatano niliingia darasani na somo langu: mashine hizi hazijui ukweli, husema uongo kwa uso mkavu. Mwanaidi, anayeketi dawati moja na Chebet, akainua mkono. Unawajua wale watoto ambao adabu yao inachoma kuliko matusi.

"Mwalimu, samahani. Si wewe umesema haijui ukweli? Na ya Chebet uliiuliza, ukaiamini?"

Akasimama.

"Basi iulize kitu chenye unajua mwenye aliandika."

Nilikuwa na barua yako mkobani. Ile uliyoniandikia nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nilipotaka kuacha ualimu, ile ya "mtoto si gunia la mahindi, usimkadirie kwa macho". Siiachi nyumbani siku hizi. Nikaisoma kwa sauti, Mwanaidi akaiandika kwenye simu yangu, tukauliza. Baba, ilisema ni yake! Ilidai imeiandika yenyewe! Na wewe uliiandika kwa mwanga wa taa ya mafuta, ukalikata neno "hakika" mara mbili! Wanafunzi waliangua kicheko, nami nikacheka nao mpaka nikagundua kwamba ninalia. Nikawapa mgongo, nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nikiwa pale nikakuona akilini umevaa koti Jumapili mchana, umenishika mkono. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umemtuhumu kijana mmoja wa darasa lako kwamba amenakili mtihani, kumbe hakunakili. Hukumtuma mtu. Ulienda hadi kwao, ukaomba msamaha mbele ya wazazi wake, kisha ukanywa chai yao bila kuinua macho.

Basi Jumamosi nikaenda Kapsokwony. Pikipiki ilipanda ile barabara ikikohoa, mimi nimefumba macho. Nilimkuta Chebet na nyanyake wakipalilia vitunguu kwenye mteremko ambao mimi ningebingirika hadi chini. Nyanya hakunikaribisha. Alisimama na jembe lake.

"Ni wewe uliambia mtoto ati maneno si yake? Sasa ni ya nani?"

Akainua kidevu kuelekea juu, ukungu ulikokuwa umeanza kushuka. "Ona ule mzee," akamwambia mjukuu wake, si mimi. "Amesahau fimbo tena."

Ndipo nikaelewa, Baba. Ile sentensi niliyomnyang'anya mtoto ilikuwa inazungumzwa pale shambani kama watu wengine wanavyosalimiana.

Nikamwambia Chebet: nilikosea, niliamini simu kuliko wewe. Alipalilia mstari mzima hadi mwisho, akarudi, ndipo akauliza, "Utasema hivyo darasani?" Nikasema nitasema. "Na Bungoma?" Nikasema, na Bungoma.

Jumatatu nilisema darasani, Chebet akiwa amerudi kwenye kundi la watano. Na jana, Baba, tulikuwa Bungoma! Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi wengine wakasimama kwenye madirisha. Nilitangulia mimi, nikasimulia kosa langu lote. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Ati mwalimu mzima!" Nilimaliza. Kisha akasimama Chebet. Karatasi aliyokuwa ameandaa aliiacha kwenye kiti.

"Hii sentensi nilipewa na nyanya," akasema. "Anajua niko nayo. Hii mashine imesomeshwa maneno ya watu wengi sana. Hao watu, nani aliwauliza?"

Ungesikia ukumbi! Mikono ilipanda kila upande. Msichana mmoja akauliza kama ni kosa kumtafsiria mamake barua ya hospitali kwa hiyo mashine. Chebet akamjibu: "Hapana, huo ni msaada. Lakini rudi kwa daktari umuulize kama imesema vizuri." Mwanaidi akawachezea sauti yangu iliyoigwa na mashine, ikiwafutia wanafunzi mitihani yote. Walishangilia, na alipowaambia mimi sijawahi kutamka maneno hayo, wakageuka wakanitazama. Hapo niliona somo likiingia, Baba, niliona kwa macho yangu! Mwisho akainuka mwalimu mmoja mwenye mvi, akasema hata yeye ameshawaandikia wanafunzi wanne kwamba kazi si yao, na Jumatatu atawaita mmoja mmoja. Baadaye alinishika mkono akasema alifundisha nawe.

Chebet hajaniambia kama amenisamehe. Sijamuuliza.

Kuna jambo moja zaidi. Mwanaidi aliniambia, kwa upole, kwamba nikitaka anaweza kuzichukua zile salamu zako za sauti zilizobaki kwenye simu yangu, mashine ijifunze, uwe unanijibu. Nilitamani. Sitakuficha, nilitamani sana. Lakini wewe siwezi kukuuliza, na kama siwezi kukuuliza, basi siwezi kuichukua sauti yako. Nimemwambia hapana. Nitazisikiliza zile chache ulizoziacha, jinsi ulivyoziacha.

Naahidi hivi, Baba: mwanafunzi akiandika kitu kinachonizidi, nitamwita tuketi, anieleze kilikotoka. Nikikosea tena, na nitakosea, nitaenda mwenyewe hadi kwao.

Pumzika, mzee wangu. Mama anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia. Mimi sijui Jumatatu itafika lini: Chebet anasema ana insha mpya, na amekataa katakata kuniambia inahusu nini.

Binti yako,
Nekesa