Mkwe Wangu Akiingia Jikoni, Mtandao Unakufa

Mshauri wangu, pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Nakusoma kila Alhamisi, na zamani nilikuwa nasomewa na mume wangu huku namenya vitunguu, yeye anakuunga mkono na mimi nakubishia, sasa leo zamu ya kuandika imenifikia mimi na sina wa kubishana naye.

Mume wangu alifariki miezi tisa iliyopita. Alikuwa mchora mabango ya maduka, mtu wa maneno machache na herufi zilizonyooka, hawezi kuondoka kwenye bango mpaka avuke barabara alitazame kutoka ng'ambo. Ruta ya kwanza ya nyumba hii, kile kisanduku cha intaneti, aliileta yeye, akaipa mtandao wake jina la Hodi na neno la siri Karibuni, hivyo mgeni akiuliza waifai yenu inaitwaje anaambiwa Hodi, akiuliza neno la siri anaambiwa Karibuni, na kila mgeni alicheka, na yeye alicheka naye kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Baada ya msiba mwanangu alihamia kwangu na mke wake ili nisikae peke yangu. Nilifurahi, sitasema uongo. Mkwe wangu anauza dawa kwenye duka la dawa, anatoka alfajiri na kurudi saa kumi kasoro, haongei sana, na nguo zangu akizikuta zimekauka anaanua bila kuambiwa. Walikuja na mabegi, kochi moja, ile oveni ndogo ya kupashia chakula wanayoiita maikrowevu ambayo mimi siigusi, na mwezi uliofuata wakaleta ruta mpya, wakasema ile ya marehemu imechoka.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuingia mchanga. Siku fundi alipokuja kuifunga juu ya friji, mimi nilikuwa koridoni nakunja mashuka, nikamsikia mkwe wangu akimwambia kwa sauti ya chini, "Mama mwache bendi ya chini, huko ndiko kunakomfaa, sisi tuweke ya juu." Fundi akajibu, "Sawa, ya chini ina msongamano lakini atazoea." Mshauri, nimepika shuleni miaka ishirini na sita, najua maana ya kuwekwa chini, kulikuwa na sufuria ya juu ya walimu na sufuria ya chini ya watoto na zote nilizikoroga mimi.

Kisha akaja kuchukua simu yangu ili aniunganishe. Ile simu ilikuwa ya marehemu, kioo kina ufa kwenye kona. Akaligusa jina la Hodi, simu ikaandika "Sahau mtandao huu?" na yeye akabonyeza ndiyo, hivihivi, kama anayefuta vumbi, kisha akanirudishia na kusema, "Tayari mama." Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Sasa nieleze linalonifanya nikuandikie. Kila siku saa kumi nampigia mdogo wangu anayeishi mbali, tunaonana kwa video, yeye anafuma na mimi nachambua mchele au nakaa tu, tumefanya hivyo tangu siku ya tatu baada ya maziko na ndicho kinachonivusha siku. Tangu ruta mpya ije, tukifika katikati ya maneno uso wake unaganda, mdomo wazi kama samaki, kisha unakatika. Nikaanza kutega sikio. Mshauri, mtandao unakufa mkwe wangu anapoingia jikoni! Nimeandika kwenye daftari la vipimo la marehemu: Jumatatu saa kumi na dakika saba ameingia jikoni, umekufa, Jumanne saa kumi na dakika tatu ameingia, umekufa, Jumatano alichelewa akaingia kumi na nusu, umekufa kumi na nusu, na kila mara akitoka na sahani yake mkononi unafufuka. Anakula chakula changu nilichompikia huku ananikata ulimi.

Nilimwuliza mkwe wangu kwa upole, "Mwanangu, mbona mtandao unakatika?" Akasema, "Haukatiki mama, kwangu unakwenda kama maji." Akanionyesha simu yake. Nikaona majina mawili ya mtandao, moja lile langu na jingine limefanana nalo ila mwisho lina 5G, na mimi kwenye simu yangu hilo la pili halipo kabisa. Nikamwuliza hilo la pili kwangu wamelificha wapi. Akasema, "Simu yako haiwezi kuliona, mama. Ungekubali tukununulie nyingine." Kila mara ni hiyo simu! Inawasumbua nini?

Nikamweleza mdogo wangu siku moja mtandao ulipokuwa mzima. Akasema, "Dada, amka. Huyo anajua tunamsema. Ruta iko jikoni, yeye yuko jikoni, unataka ushahidi gani, akuandikie barua?" Nikasema labda ni bahati mbaya. Akasema, "Bahati mbaya haiji na saa mkononi." Basi kesho yake nilinyata kutoka chumbani kwangu mwisho wa korido mpaka mlango wa jikoni nikamkuta amesimama kando ya friji, mkono umeinuliwa, akashtuka akasema, "Ah, mama, umenitisha!" Mtu asiye na kosa anashtuka nini?

Tangu hapo nimeacha kumwekea chakula. Leo siku ya tatu. Anarudi, anafunua sufuria, anaona tupu, anaifunika polepole na kula mkate akiwa amesimama. Na ajabu ni kwamba siku zote hizi tatu mtandao haujakatika hata mara moja, nimeongea na mdogo wangu mpaka tukakosa la kusema. Basi nikajua amejua kwamba nimemjua.

Mwanangu yuko safarini, ni mpima barabara, anarudi Jumapili ya wiki ijayo. Nimeamua nitamwambia achague, ama mimi ama huyu mke wake, kwa maana siwezi kufungiwa mdomo ndani ya nyumba niliyojenga na marehemu. Lakini kila nikifanya mazoezi ya maneno hayo mbele ya kioo sauti inanikatika, na ningependa mtu aniambie kama nina haki kabla sijayasema. Nijibu mapema, tafadhali. Na kama nimekosea maandishi unisamehe, mwenye kunisahihishia hayupo.

Mjane wa mchora mabango

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa msiba. Miezi tisa si kitu. Watu wameshaacha kuja, na wewe ndiyo kwanza unaanza kuona ukubwa wa nyumba. Naliweka hilo mbele kwa sababu yatakayofuata hayana sukari.

Nilipoona neno waifai kwa haraka nilisoma wifi, nikajisemea, haya, kesi ya mawifi nyingine. Nikaisoma barua yako mara mbili na kuishusha chini kwa fundi mitambo wa gazeti letu. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye sahani alianza kucheka, na alipofika kwenye mkate aliacha kucheka.

"Mshauri," akaniambia, "huyo binti akiingia jikoni anafanya nini?"

"Anachukua chakula."

"Kimepikwa saa ngapi?"

"Mchana, nadhani."

"Basi anapasha."

"Anapasha nani habari?"

"Hapashi habari, mama, anapasha wali!"

Sikia sasa, dada. Ruta yako mpya inazungumza kwa bendi mbili, yaani njia mbili za mawimbi. Ile oveni ya kupashia, ikiwaka, inavujisha mawimbi kidogo kwenye njia ileile ya bendi ya chini. Hayamdhuru mtu, lakini kwa simu yako ni kama mtu anayesaga karanga sikioni mwako huku mdogo wako anaongea. Na ninyi mmeiweka ruta juu ya friji, na ule mkono ulioinuliwa unaniambia oveni iko kando yake. Mkwe wako anatoka kazini na njaa, anaweka sahani, anabonyeza, wewe unakatika. Oveni inazima, anatoka na chakula, wewe unafufuka. Simu yake haikatiki kwa sababu iko bendi ya juu, ambako oveni haifiki.

Na zile siku tatu ulizojisifu kwamba amejua umemjua? Hakuwa na cha kupasha. Ulimnyima chakula, oveni ikalala, simu yako ikapona. Mchawi uliyemtafuta na daftari alikuwa sahani uliyoipakua kwa mkono wako. Mpishi wa miaka ishirini na sita, kweli, umemwacha mtoto wa watu ale mkate mkavu wima, na yeye amefunika sufuria polepole asikuaibishe. Hapo nimekukasirikia, na sitaficha.

Twende kwenye hiyo "bendi ya chini" iliyokuuma. Jirani akipiga muziki, kupitia ukuta unasikia nini? Unasikia ngoma nene, filimbi inabaki kwake. Bendi ya chini ndiyo ngoma: ina kasi ndogo na msongamano, lakini inapenya kuta na kufika mbali. Bendi ya juu ndiyo filimbi: ina kasi, ila kuta mbili zinaimaliza. Chumba chako kiko wapi, si mwisho wa korido? Mkwe wako alimwambia fundi akuache kwenye ile inayokufikia. Hata hivyo asingeweza kukuweka kwenye ya juu, kwa sababu simu ya marehemu ni ya zamani, haina sikio la bendi hiyo. Ndiyo maana huoni jina la pili. Hakuna aliyelificha. Na hiyo 5G ni jina tu la bendi ya juu ya ruta yenu, haihusiani na kampuni ya simu wala na siri za mtu.

Lakini mkwe wako naye ana lake, na najua gazeti hili analiona. Binti, usinong'one na fundi jikoni mwa mfiwa. Ungesema kwa sauti, "Mama, hii ndiyo inayofika chumbani kwako," tusingekuwa hapa. Na neno "sahau" kwenye simu ni neno la mashine, ila mtu huulizwa kabla halijabonyezwa, hasa kwenye simu ya mumewe.

Dada, mashine haikukusahaulisha kitu. Jina la mtandao hubadilishwa kwa dakika tano. Mwambie mkwe wako aipe ruta mpya jina lile na neno la siri lile, bendi zote mbili. Simu yenyewe usimpe mtu, baki nayo. Wakitaka kukununulia nyingine, kubali iwe ya kupigia video, na hii ikae ndani ya droo lako ukiitazama unapotaka. Kukubali ya pili si kuitupa ya kwanza.

Usiniamini kwa sababu nimeandika gazetini. Kesho asubuhi, mkwe wako akiwa kazini, mpigie mdogo wako. Weka glasi ya maji ndani ya ile oveni, glasi ya kawaida isiyo na ukingo wa rangi ya dhahabu, iwashe dakika mbili, kisha rudi chumbani umtazame mdogo wako usoni. Akiganda mdomo wazi, nyumbani hakuna mtu zaidi yako, sasa utamshitaki nani?

Ukishaona kwa macho yako, ishusheni ruta kutoka juu ya friji. Iwekwe koridoni, juu ya kabati au rafu, mbali na jikoni na karibu na mlango wako. Mkihitaji waya mrefu, fundi atauleta. Na mpaka hapo, saa kumi chakula kipashwe motoni kwenye sufuria, kama ulivyopasha maisha yako yote.

Sasa hilo la kumwambia mwanao achague. Umeniuliza kama una haki. Huna. Sauti inayokukatika mbele ya kioo si woga, ni akili yako inakuvuta nguo. Mwaka huu umeshatoa mtu mmoja kwa mlango huo, na huyo hukuwa na namna ya kumzuia. Huyu yuko hai, anaanua nguo zako, na wewe ndiye unayetaka kumfungulia mlango atoke.

Usimsubiri mwanao. Fanya kabla ya Jumapili. Pika, pakua kikiwa cha moto, mkute mezani, umwambie yote: daftari, kunyata, sufuria tupu. Usitumie mafumbo, usimwambie "kuna watu walidhani." Sema, "Nilidhani wewe." Ukae hapohapo mpaka amalize kula. Kisha mdogo wako akipiga, mgeuzie mkwe wako simu. Yule aliyesema bahati mbaya haiji na saa mkononi aanze yeye kumwomba radhi, tena kwa sauti ileile aliyokutilia maneno, na mtandao siku hiyo ukikatika mpigie tena mpaka amalize.